Kisigino cha Nyapara

Wifi alikuwa ameshavuka geti la kiwanda cha kufulia, ndoo yake ya plastiki mkononi, wakati wanawake wa chumba cha pasi walipojazana dirishani kumtazama. Hakugeuka. Alikuwa anatembea kama mtu anayekwenda sokoni, si kama mtu aliyefukuzwa kazi, na hilo lilimuudhi Nyapara kuliko kama angelia.

"Nendeni mkapige pasi," Nyapara aliwaambia. "Hakuna sinema hapa."

"Sinema imeshaondoka na ndoo yake," alisema yule waliyemwita Redio, maana hakuna aliyewahi kumkuta amezimwa.

Ndoo ndiyo iliyomponza Wifi. Kila asubuhi, kabla ya king'ora cha zamu, aliigeuza juu chini karibu na mlango, akaikalia, na wenzake wakampitia mmoja mmoja wakivua viatu. Aliwafunga visigino kwa plasta ya kitambaa, ile nyeupe ngumu inayouzwa kwa roli kwenye maduka ya dawa. Kiwanda kile kilifua mashuka ya hospitali na mahoteli, sakafu yake saruji tupu, na mtu akishasimama juu ya saruji miaka nenda miaka rudi, siku moja anaamka, anashusha mguu kitandani, na kisigino kinapiga kelele kana kwamba amekanyaga msumari. Wengi wao walikuwa nao ugonjwa huo. Wifi alijifunza kuufunga kule hospitali, alipokuwa akipeleka mashuka kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Alikuwa anasimama mlangoni na toroli lake, anajifanya anapanga foronya, macho yote yako kwenye miguu ya wagonjwa.

Tatizo ni kwamba king'ora kilikuwa kinalia na bado kuna mguu haujafungwa, na mashine ya kunyooshea mashuka inawaka bila mtu. Nyapara aliliona hilo, akalimeza, akalimeza tena, mpaka siku hiyo akalitapika.

"Hapa tumeajiriwa kusimama," alimwambia Wifi mbele ya wote. "Asiyeweza kusimama zamu nzima, nyumbani kupo. Na anayewadekeza naye nyumbani kupo."

Walikuwa mawifi kweli, si wa kuitana tu. Wifi ameolewa na mdogo wake Nyapara, yule fundi rangi, na Nyapara ndiye aliyemwombea kazi. Kwa hiyo alipomtoa alijiambia kwamba anaonyesha hapendelei ndugu. Lakini kilichokuwa kinamla ndani ni kingine. Wale wanawake walimwamkia yeye kwa sababu ya kazi, wakaenda kumcheka nyuma ya mashine, halafu wakamkimbilia Wifi na miguu yao kama watoto kwa mama. Ilimuuma, na hakuwa na wa kumwambia.

Meneja alikuwa anapita wakati ule, akayapenda maneno. Aliyarudia ofisini, akayarudia kwenye simu, na kabla ya mwisho wa mwezi yakawa sheria: asiyeweza kusimama zamu nzima, nyumbani kupo.

Kisha kisigino cha Nyapara nacho kikaanza.

Kilianza kama mzaha. Asubuhi moja aliteremka kitandani akakanyaga chini, akarudi kukaa huku ameushika mguu kwa mikono miwili. Alidhani amekanyaga kifungo. Akapapasa sakafuni, hapana kitu. Akatembea kwa ncha za vidole mpaka bafuni, akishika ukuta, na alipomaliza kuoga maumivu yalikuwa yamepungua, akasahau. Kesho yake yakarudi, na kesho kutwa. Akagundua kuwa akikaa kidogo halafu akainuka, hapo ndipo panapokuwa pabaya zaidi. Basi akaacha kukaa. Saa ya chakula alisimama na sahani yake karibu na pipa la sabuni, akila wima.

"Mnamwona?" Redio aliwanong'oneza wenzake. "Chuma kile. Hakiliwi na kutu."

Nyapara alisikia. Siku nyingine angefurahi. Siku ile aliiweka sahani kando chakula hakijaisha, kwa sababu alikuwa anaificha aibu yake, na wao wanaisifu.

Alianza kufika kazini kabla ya wote, ili zile hatua za kwanza mbaya azimalize peke yake kati ya meza tupu. Alijikaza kisabuni namna hiyo, na labda angeendelea, isipokuwa Meneja alimwita Alhamisi moja akamfungia mlango.

"Jumatatu mwenye kiwanda anakuja," alisema. "Atapita kila chumba. Anataka kupunguza watu, na anataka kuwaona kwa macho yake kabla ya kupunguza. Wewe ndiye utakayemtembeza, mimi nitafuata nyuma. Nimemwambia habari za sheria yako."

"Si yangu, mzee. Nilisema tu."

"Ulisema vizuri."

Alitoka pale akijikaza asichechemee. Hakuwa na mume tena, watoto wake walikuwa mbali na maisha yao, na kazi ile ndiyo iliyomfanya mtu. Mtaani walimwita Nyapara hata wasiofanya kazi kiwandani. Akionekana anachechemea mbele ya mwenye kiwanda, maneno yake mwenyewe yatamtoa getini, na hatakuwa hata na ndoo ya kubeba.

Jioni hiyo alinunua roli la plasta kwenye duka la dawa la mtaa wa pili, si la mtaa wake. Alijifungia chumbani, akajaribu kukumbuka mikono ya Wifi. Alikuwa amemtazama mara nyingi, lakini kwa kumtafutia kosa, na ukitafuta kosa huoni kazi. Aliinama, akaukunja mguu gotini, akauviringishia plasta kama anavyofunga bunda la mashuka machafu, kwa nguvu, mzunguko juu ya mzunguko. Alipoinuka plasta ilimvuta nyama kama hatamu. Hakujua kwamba mguu ukiinamiwa unalegea, vidole vinaelekea chini, na ukiufunga ukiwa umelegea hivyo, unaposimama unakuwa na umbo jingine kabisa na plasta haikubaliani nalo. Ijumaa kabla ya mchana, mvuke wa chumba cha pasi ulikuwa umeshainua ncha zote. Alikwenda chooni akaibandua, akaitia mfukoni.

Hapo ndipo akili ya dobi ilipomtia matatani. Mtu mwingine angefikiri plasta haifai. Yeye alifikiri plasta haikupigwa pasi. Kiwandani walikuwa na utepe wa gundi wa kupindia mapazia: unauweka ndani ya pindo, unapitisha pasi juu, unashika, hata ukifuliwa hautoki. Jumamosi alasiri, nyumbani, alibandika upya plasta yote iliyobaki kwenye roli, akaizungushia kipande cha utepe ule alichokitoa kazini, akavaa soksi nyeusi ya kazini, akaweka mguu juu ya kigoda, akapitisha pasi. Si ya moto sana, alijiambia. Ngozi ya kisigino ni nene, ilichelewa kumpasha habari. Alipopiga ukelele na kuitupa pasi pembeni, gundi ilikuwa imeshayeyuka, imepenya kwenye soksi, imetoka kwenye kingo za plasta, imeshika ngozi.

Na ilishika kweli. Alivuta soksi, ngozi ikaja nayo. Akatia mguu kwenye beseni la maji ya moto, akasugua, akavuta tena. Utepe ule ulitengenezwa usitoke kwa maji. Alikaa na mguu beseni mpaka maji yakapoa, na hakulia, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Jumapili mchana akavaa gauni refu kuliko yote aliyokuwa nayo akaenda kwa mdogo wake. Mtaa haukuwa mbali lakini siku hiyo ulirefuka. Tangu afukuzwe, Wifi alikuwa anafua nguo za watu nyumbani, na ua mzima ulikuwa umeanikwa mashuka. Nyapara alipofika nyuma ya shuka la kwanza alisikia sauti, akasimama.

"'Hapa tumeajiriwa kusimama!'" Alikuwa Redio, amebana pua. "Na juzi wakati wa chakula kasimama na sahani kama mlinzi wa benki. Nikamwambia Bibi Foronya, huyu hata kaburini atazikwa wima, kuokoa nafasi."

Wifi akacheka. "Usitikisike, plasta itakwenda upande."

"We funga tu. Bibi Foronya naye hali yake mbaya, bibi wa watu. Anatembea kwa kushika ukuta. Kilima hiki hakiwezi, ndiyo maana haji. Na kesho ndiyo wanatukagua kama mbuzi."

"Mwambie nitamfuata mimi jioni. Nimebakiza plasta ya kumtosha."

Bibi Foronya alikuwa mzee kuliko wote kiwandani. Kazi yake ilikuwa foronya, foronya, foronya, na pembe za foronya zake ungeweza kukatia mkate. Nyapara alimkuta pale alipoanza kazi akiwa msichana, na ndiye aliyemfundisha kushika pasi. Aliposikia jina lake alitaka kurudi alikotoka, polepole, asionekane. Alikuwa ameshageuka wakati mdogo wake alipotokea nyuma yake na kopo la rangi.

"Dada! Mbona umesimama juani kama nguzo ya umeme? Ingia!"

Kisha kichwa cha Redio kikachomoza juu ya kamba.

"Shikamoo, Nyapara."

"Marahaba."

"Nilikuja kuazima sindano."

"Mpe sindano basi," mdogo mtu akamwambia mkewe.

"Nimeghairi," alisema Redio, akapita mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Wifi hakuinuka kwenye ndoo yake. Alimtazama Nyapara usoni, akashuka mpaka kwenye pindo la gauni, akakuta soksi moja nyeusi na mguu mwingine mtupu.

"Karibu, wifi yangu. Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kuwasalimu."

"Tumesalimika. Lete huo mguu."

"Mguu gani?"

"Huo unaonisalimia kwa soksi Jumapili." Akasogeza kiti. "Vua."

"Haivuki."

"Haivuki vipi?"

Nyapara akatazama ukuta. "Nimeipiga pasi."

"Soksi umeipiga pasi. Sawa. Wapo wanaopiga."

"Ikiwa mguuni."

Mdogo wake aliweka kopo la rangi chini, akatoka, akaenda kucheka nyuma ya nyumba, na nyumba yenyewe haikuwa kubwa. Wifi alibana midomo mpaka machozi yakamtoka. Kisha akauona mguu wenyewe, akaacha kucheka.

"Miaka yote hiyo kwenye pasi," alisema taratibu, "na kisigino hakikuwa na lebo ya kukwambia usipige."

Kazi ya kuitoa ile soksi ilikula mchana wote. Wifi alichovya pamba kwenye mafuta ya kupikia, akalowesha kingo za gundi, akangoja, akabandua upana wa ukucha, akalowesha tena. Mkono mmoja ulishikilia ngozi isivutwe, mwingine ukavuta soksi kurudi nyuma juu yake yenyewe, si kwenda juu. Nyapara alikaa ameshika kiti. Hakuwahi kushikwa mguu na mtu tangu utoto wake. Aliuona mguu wake ulivyo, umepasuka, kucha nene, na mikono ya mtu aliyemfukuza inaushughulikia kama kitu cha thamani. Angependelea kupigwa.

"Pole," alisema Wifi. "Pana wekundu hapa nyuma, lakini hapajachubuka. Una bahati."

Ilipotoka, aliuosha mguu kwa sabuni mafuta yaishe, akaukausha kwa taulo, hata katikati ya vidole. "Plasta haishiki penye mafuta wala maji," alisema, si kwa kumfundisha, kama mtu anayeongea na kazi yake. "Sasa nyoosha mguu juu ya kiti, unyayo ubaki nje. Vuta vidole vije kwako. Hivyo, kama umesimama. Usiviachie mpaka nimalize. Ndiyo maana mtu hajifungi mwenyewe. Akijiinamia tu, mguu unalala."

Akakata kipande, akazikata pembe zake mviringo kwa mkasi zisinyanyuke, akakilaza chini ya vidole, upande mmoja wa unyayo mpaka wa pili, bila kuvuta. Hicho ndicho mhimili. Akaanza cha pili kwenye shina la kidole gumba, akakipitisha ubavuni, akakizungusha nyuma ya kisigino chini kidogo ya wekundu, akakikatisha chini ya unyayo, kikarudi kilipoanzia. Kingine akakianzia kidole kidogo, kikapita upande wa pili, vikakatana chini ya mguu kama mikanda ya begani. Kisha vipande vifupi vya kupita, kutoka nje kwenda ndani, kila kimoja kinapanda nusu ya mwenzake, na kila kimoja kikiinua kidogo lile bonde la unyayo. Mwisho akalaza kimoja juu ya mguu, wazi katikati, kisije kikaukaba ukivimba. Akaushika mguu wote kwa viganja viwili akatulia.

"Unafanya nini?" Nyapara akauliza.

"Naipasha moto. Gundi hii inataka joto la mkono." Akamtazama. "La mkono tu."

Nyapara alisimama. Alikanyaga, akangoja msumari. Haukuja. Kulikuwa na maumivu, lakini ya mbali, kama ugomvi wa nyumba ya jirani. Akatembea mpaka kwenye kamba na kurudi.

"Wifi."

"Naam."

Alitaka kusema neno. Lilikuwa pale pale mdomoni. "Nitakununulia roli jingine," alisema.

"Sikukudai roli." Wifi aliinua gamba la karatasi la lile roli, halina kitu. "Ila leo limekwisha, na duka la dawa halifunguliwi Jumapili. Na jua ndilo hilo. Bibi Foronya nitamfunga kesho jioni, nitamtumia salamu. Wewe kesho mwangalie tu. Mkaribishe hata kwenye ngazi akae. Mimi siombi kurudi, wifi yangu. Naomba wale wapumzike."

"Acha kesho ipite kwanza," alisema Nyapara.

Jumatatu mwenye kiwanda alikuja, mtu mwembamba, viatu vyake vinang'aa kama havijawahi kukanyaga nje. Hakuongea sana. Alishika shuka, akanusa foronya, akauliza boila lina umri gani. Nyapara alitangulia mbele, na alitembea vizuri, alijisikia anatembea vizuri. Kila hatua ile mikanda ilimshika na kumwachia. Wanawake walikuwa wima nyuma ya meza zao. Redio alikuwa amefunga mdomo, na hiyo peke yake ilikuwa dalili mbaya.

"Hapa nyapara wetu ana sheria," Meneja alisema kwa furaha. "Asiyeweza kusimama zamu nzima, nyumbani kupo."

"Nzuri," alisema mwenye kiwanda. Kisha akaonyesha kwa kidevu. "Na yule bibi je?"

Bibi Foronya alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote, mguu mmoja umeinuliwa kidogo kama wa kuku.

"Nyapara," Meneja akasema, "yule bibi ana nini?"

Nyapara aliinyoosha foronya iliyokuwa juu ya meza. Pasi zilikuwa zinatoa mvuke, na mvuke ulisikika.

"Mzee," alisema Redio, "sisi sote humu visigino vinatuuma. Ni hii sakafu. Hata Nyapara mwenyewe."

Meneja akacheka. "Nani? Huyu? Eti Nyapara, nawe unaumwa?"

Alikuwa na nafasi ya kutosha. Wote walimwona anayo. Wifi alikuwa ameshamwekea neno mdomoni jana yake, lilikuwa dogo tu.

"Mimi mzima," alisema Nyapara.

"Hebu nitembezee mpaka mlango wa boila," alisema mwenye kiwanda.

Akatembea. Alipita katikati ya meza mpaka mlangoni, akageuka, akarudi, mgongo umenyooka, hatua sawa kwa sawa. Hakuchechemea hata mara moja. Plasta ya Wifi ilifanya kazi yake kama ilivyofundishwa, na uongo wake ukatembea juu yake.

"Na bibi naye," alisema mwenye kiwanda.

Bibi Foronya aliachia meza. Hata meza ya pili hakuifika. Alishika bega la Redio, akasimama pale, kisha akaanza mwenyewe kufungua kamba za aproni.

"Msijisumbue, wanangu," alisema. "Nimesikia."

Aliikunja ile aproni juu ya meza, pembe kwa pembe, akailainisha kwa kiganja. Alipompita Nyapara alisimama kidogo kuvuta pumzi.

"Wifi yako alinitumia salamu jana," alisema, si kwa sauti kubwa. "Kwamba atachelewa kuja, amepata mgonjwa. Nashukuru naona amepona."

Mwenye kiwanda alimsifu Nyapara mbele ya wote. Meneja akapiga makofi, wengine wakafuata kwa sababu Meneja anapiga. Nyapara alisimama katikati ya makofi yale akatafuta mahali pa kuuweka uso wake, hakupaona. Siku nzima iliyobaki hakuna aliyemsema. Waliitikia "ndiyo, Nyapara," wakapokea mashuka, wakageuka. Redio alipiga pasi mpaka king'ora bila neno. Afadhali angemtukana.

Baada ya siku chache plasta ilianza kuinua ncha, akaenda tena kwa Wifi, kwa sababu aliogopa kuibandua mwenyewe. Wifi alikuwa ameshasikia. Mji wote wa visigino ulikuwa unapita pale uani. Nyapara alijiandaa kwa lolote. Wifi alimwekea kiti, akachukua mafuta, akaanza kubandua, polepole, mkono mmoja umeshikilia ngozi, sawasawa na siku ile. Hakukaza, hakulegeza. Hilo ndilo Nyapara alishindwa kulivumilia.

"Sema neno," alisema.

"Niseme nini? Plasta ilishika?"

"Ilishika."

"Basi mimi nilikuwa na kazi hiyo tu." Akafuta mafuta. "Nikufunge tena?"

"Hapana."

"Kesho kitauma."

"Najua. Usinifunge."

Kesho yake alifika kazini kwa kuchelewa makusudi, wakati uwanja umejaa. Alichechemea kutoka getini mpaka ofisini mbele ya madereva, wafuaji na wapiga pasi, hakushika ukuta. Aliingia kwa Meneja akavua kiatu.

"Nini hii?" Meneja akasema. "Vaa kiatu, mama, watu wanapita."

"Siku ile nilidanganya. Mguu huu mbovu kuliko wa Bibi Foronya. Nilikuwa nimefungwa plasta. Sheria ni yangu, basi mimi ndiye wa kwenda, yeye arudi."

Meneja alimtazama kama mtu aliyeletewa mzigo ambao hakuuagiza. "Mwenye kiwanda amekusifu wewe kwenye mkutano. Sasa nimpigie nimwambie nini?"

"Mwambie nilidanganya."

"Nafasi ya bibi imeshafutwa. Haipo. Hata nikikutoa wewe, hairudi." Akavuta karatasi zake karibu. "Nenda kafanye kazi. Na hayo mambo ya miguu uongee na wanawake wenzako."

Alitoka na kiatu mkononi. Wapiga pasi walikuwa dirishani, walikuwa wamesikia yote. Walimpisha apite.

Bibi Foronya hakurudi kiwandani. Alihamia kwa binti yake wa pili, na Wifi alimfuata huko kumfunga mguu mpaka alipopata nafuu. Nyapara alikwenda kumwona mara moja. Alipokewa vizuri, akapewa kiti kizuri kuliko vyote, wakazungumza habari za mvua.

Wifi alipata kazi kwenye kiwanda cha mikate, ambako nako sakafu ni saruji. Mumewe bado anapaka rangi na bado anasimulia habari za soksi, lakini si dada yake akiwepo.

Nyapara aliruhusu ndoo ndani ya chumba cha pasi, akakaa kwenye unyapara mwaka mmoja na kitu, kisha akaomba kurudishwa kwenye meza ya foronya, na hakuna aliyemzuia. Kisigino chake kilipona baada ya miezi, kama vinavyopona vingi. Redio akawa nyapara. Anaongea mchana kutwa. Meneja alihamishiwa tawi jingine, na mwenye kiwanda hajaja tena.